Kulitengeneza Upya Garimoshi la Makopo

 Sisi tunaosema nanyi ni mwalimu mmoja tu wa chuo cha ualimu, mzaliwa wa Ijuganyondo katika Bukoba. Tukisema "sisi" msidhani ni majivuno. Ni kwa kuwa kazi tutakayoieleza haikufanywa na mtu mmoja, tangu mwanzo wake hata leo.

Habari yetu ni ya garimoshi dogo la kuchezea lililofanywa kwa makopo, na njia yake ya reli iliyotandikwa juu ya ubao. Labda mwenzetu mmoja atacheka na kusema, "Mtu wa miaka arobaini, mwalimu wa walimu, ahangaike na mchezo wa watoto!" Na acheke. Sisi wenyewe tulicheka siku ya kwanza. Siku ya pili hatukucheka.

Yafaa kwanza mjue jambo ambalo wasikilizaji wa Tabora na Morogoro huenda hawalijui, nalo ni kwamba mtoto wa Bukoba hukua pasipo kusikia honi ya garimoshi. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Na tawi lake lililotoka Tabora likafika Mwanza mwaka 1928. Huko ng'ambo reli ya Mombasa ilikuwa imekwisha kufika ufukoni Kisumu tangu mwaka 1901. Basi ziwa letu likapata reli kusini na reli mashariki, lakini upande wetu wa magharibi haikuja. Kwetu sisi njia kuu ilikuwa maji.

Walakini si kweli kwamba Kagera haina reli hata kidogo. Ziko Kemondo, kusini ya mji wa Bukoba. Ukishuka gatini utaona reli chache zimetandikwa vizuri, zikianzia nchi kavu na kuishia majini. Mgeni akiziona hudhani ni kazi iliyoachwa katikati. Sivyo. Zilitandikwa kwa ajili ya meli za kubeba mabehewa, na iliyo mashuhuri kwetu ni MV Umoja, iliyojengwa katika miaka ya 1960, ambayo ina reli juu ya sitaha yake. Mabehewa yaliingizwa melini yakiwa na mizigo yake, yakavushwa hata bandari ya Mwanza Kusini, na huko yakafungwa nyuma ya kichwa cha garimoshi na kuendelea na safari ya bara. Kwa njia hiyo gunia la kahawa lililopakiwa Kemondo liliweza kufika Dar es Salaam pasipo kushushwa katika behewa lake.

Kati ya gati na meli ya namna hii pana daraja la bawaba, ambalo ncha yake huinuliwa na kushushwa. Daraja hili halina budi, maana ziwa halikai kimo kimoja. Kati ya mwaka 1961 na 1964 lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likapanda tena hata likaingia katika nyumba za watu wa ufukoni. Tena meli yenyewe huzama kidogo kila behewa liingiapo, na kuinuka kila litokapo. Reli za daraja zisipokutana sawasawa na reli za meli, behewa haliingii, hata lisukumwe na watu mia. Lishikeni neno hili la daraja, maana tutalirudia.

Sasa twende kwenye mchezo. Baba yetu mdogo alifanya kazi ya reli Tabora, kazi ya kutunza njia. Mwaka 1994, nasi tukiwa na umri wa miaka tisa, alikuja nyumbani kwa likizo akatukuta uani pamoja na watoto wa jirani, tukikokota makopo ya samaki yaliyofungwa kwa kamba moja nyuma ya jingine. Akauliza, "Wanangu, hicho ni kitu gani?" Tukajibu, "Shikamoo, baba mdogo. Ni garimoshi." Akasema, "Marahaba. Na njia yake iko wapi?" Tukasema kwa fahari kwamba garimoshi letu lapita popote. Akatikisa kichwa. "Lipitalo popote ni gari. Garimoshi ni njia kwanza, mengine baadaye."

Basi likizo yake yote ikaishia katika njia hiyo. Alitafuta mbao za kitanda kilichovunjika na za masanduku, akaziunganisha zikawa ubao mmoja wa urefu wa mita 3 na upana wa mita 1, wenye bawaba katikati ili ukunjike. Kisha akaomba rula yetu ya shule. Reli za Tabora, alisema, zimeachana kwa mita 1 kamili. Tukigawanya kila kitu kwa 25, reli zetu zitaachana kwa sentimita 4. Tukamwuliza kwa nini iwe 25. Akajibu, "Kwa sababu mia yagawanyika kwa ishirini na tano bila baki, nanyi bado mnajifunza kugawanya." Hatukupata kufundishwa hesabu ya uwiano kwa maneno machache kuliko hayo, na hata leo tukiwafundisha walimu wanafunzi hatuna maneno mazuri zaidi.

Katika pembe moja ya ubao tulipaka rangi ya buluu, likawa ziwa. Ukingo mmoja wa ziwa uliitwa Kemondo, nao ulikuwa na reli zenye urefu wa shubiri mbili tu. Ukingo wa pili uliitwa Mwanza, na hapo ndipo njia ilipoanza, ikapiga kona moja kali, ikanyoka mpaka Tabora mwisho wa ubao. Kutoka Mwanza hata Tabora ni kiasi cha kilomita 380. Kwa kipimo chetu ingalitupasa kutandika njia ya kilomita 15 na zaidi, yaani kutoka Ijuganyondo tungalikaribia Kemondo yenyewe. Sisi tulikuwa na mita 3. Baba mdogo akaamuru kwamba hapo kipimo kilale usingizi kidogo.

Reli zilikuwa za waya mnene wa chuma. Kichwa kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia, mabehewa makopo ya samaki. Magurudumu yalikuwa vizibo vya chupa za soda, viwili viwili juu ya msumari mmoja. Kuhusu mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli na kuzishika zisiachane, palikuwa na ubishi. Baba mdogo alitaka tuyafanye kwa bati, maana katika njia nyingi za Afrika Mashariki mataruma ni ya chuma, kwa sababu mchwa hula miti. Sisi tuling'ang'ania miti, kwa kuwa bati lilitukata vidole. Mwisho alikubali, akasema neno moja tu: "Mtanikumbuka."

Tena alichonga meli. Hiyo peke yake haikufuata kipimo, maana ingalikifuata ingalikuwa ndefu kuliko ubao mzima. Lakini ilikuwa na reli zake sitahani, na daraja dogo la bawaba lililopanda na kushuka. Behewa lenye punje za kahawa lilitoka Kemondo, likaingia melini, meli ikasukumwa kwa mkono juu ya rangi ya buluu, likatoka Mwanza. Kutoka hapo safari ilikuwa ya mashaka, maana kila garimoshi lilipofika kwenye kona lilianguka. Tulilaumiana. Tulilaumu waya, tukamlaumu mtoto aliyesukuma. Baba mdogo aliporudi mwaka uliofuata alitazama magurudumu akasema kosa liko pale, naye akija tena atatuonyesha.

Alikuja tena mwaka 1996, mwezi wa Aprili, lakini palikuwa na mambo ya shamba na ya ukoo, na siku za likizo zikaisha. Tarehe 20 Mei jioni alipanda meli kurudi kazini. Meli ile ilikuwa MV Bukoba, iliyopitia Kemondo usiku ule, na asubuhi ya tarehe 21, ikiwa karibu kufika Mwanza, ikapinduka ikazama. Waliokufa walikuwa mamia mengi. Wasikilizaji wa Kagera na wa Mwanza hawahitaji kuelezwa zaidi, na wengine tutawaomba radhi kwa kuishia hapa.

Siku chache baada ya matanga tulirudi kutoka shule tukakuta mahali pa ubao pamefagiwa. Mama hakusema neno, wala sisi hatukuuliza. Tulidhani umekwisha kuwa kuni.

Miaka ishirini ilipita. Tarehe 10 Septemba 2016 nchi ya Kagera ilitetemeka. Nyumba nyingi zilianguka na watu walikufa. Nyumba ya mama ilipasuka ukuta mmoja na dari ikashuka, na pamoja na dari likashuka sanduku refu lililofungwa kwa kamba za katani. Tulilitambua kabla ya kulifungua. Kusema kweli hatukulifungua. Palikuwa na ukuta wa kujenga, nasi tukaona hiyo ni sababu ya kutosha. Tukaliweka ghalani, likakaa huko miaka minane mingine.

Lililotufanya tulifungue ni swali la mwanafunzi. Mwaka 2024 reli mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria, mwezi wa Juni mpaka Morogoro na mwezi wa Julai mpaka Dodoma. Mwanachuo mmoja aliyekwisha kupanda garimoshi hilo aliwasimulia wenzake jinsi linavyokwenda kilomita 160 kwa saa, na mwenzake wa Muleba akauliza darasani: "Mwalimu, gurudumu la garimoshi halina usukani. Linapataje kona?" Tulichora ubaoni. Tukafuta. Tukachora tena. Darasa likatutazama kwa heshima ile ambayo wanafunzi huitumia mwalimu anapokwama, nasi tukakumbuka kona yetu ya Mwanza, na mtu aliyeahidi kutuonyesha kosa asirudi. Likizo ya Desemba wanachuo wanne wa karibu walikuja nasi Ijuganyondo, tukalitoa sanduku juani.

Mchwa walikuwa wamekula mataruma zaidi ya nusu. Tukamkumbuka baba mdogo, kama alivyosema. Rangi ya ziwa ilikuwa imebanduka, kopo la kichwa limeota kutu mpaka limetoboka, na daraja la bawaba lilivunjika lilipoanguka siku ya tetemeko. Lakini tulipofika kwenye mabehewa tulinyamaza. Kila behewa lilikuwa limeviringishwa katika kipande cha kitambaa cha kanga, na kila msumari wa gurudumu ulikuwa umepakwa mafuta mazito, yaliyokauka sasa yakawa kama nta. Tulipoyafuta, vizibo vikazunguka. Meli nayo ilikuwa chini kabisa, imefungwa katika kanga nzima.

Mwajua habari za meli ya Liemba katika Ziwa Tanganyika. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari hata Dar es Salaam, na kutoka hapo kwa Reli ya Kati mpaka Kigoma, ambako iliungwa na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, katika vita, Wajerumani wenyewe waliizamisha isitwaliwe na adui. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo yake mafuta mazito. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Tumewasimulia wanafunzi habari hiyo mara nyingi, tukiwaambia kwamba mtu apakaye mafuta chombo anachokizamisha hajakata tamaa nacho. Hatukujua kwamba jambo la namna ile ile lilifanywa nyumbani kwetu, katika juma la matanga, na mwanamke ambaye tulidhani amelichukia garimoshi lile.

Tulimwendea jikoni. Tukamwuliza, "Mama, ni wewe uliyepaka mafuta?" Alikuwa akimenya ndizi, hakuinua macho. Akasema, "Shemeji alikuwa akisema chuma kikilala bila mafuta hakiamki." Kisha akatuuliza kama wale wageni wetu wamekwisha kunywa chai.

Basi tukaanza kazi. Wanachuo wetu, kwa kuwa ni vijana, walitaka tung'oe kila kitu. Reli mpya za nchi yetu zimeachana kwa milimita 1,435, na kwa kipimo cha 25 hizo ni milimita 57 na kidogo. Wakasema garimoshi la zamani la sentimita 4 limepitwa na wakati. Tukawauliza: je, walipojenga reli mpya waliing'oa ile ya zamani? Hawakuing'oa, zaenda zote mbili. Hivyo tukaacha njia ya baba mdogo mahali pake, na nyuma yake, ambapo ubao ulikuwa na nafasi, tukatandika njia ya pili ya milimita 57, ambayo mpaka leo haina garimoshi juu yake. Nayo si ajabu, maana kipande cha kweli cha Mwanza hadi Isaka kilianza kujengwa mwaka 2021, nasi hatuoni haya kungoja kama wengine.

Mataruma tuliyafanya kwa bati safari hii. Vidole vyetu vilikatwa kama vilivyokatwa zamani. Tuliunga reli na mataruma kwa lehemu, na hapo twaomba ruhusa kunung'unika kidogo: watu wa nchi hii waliyeyusha chuma zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kama mabaki ya Katuruka yanavyoshuhudia, nasi wajukuu wao tulizunguka mji kutwa nzima tukitafuta lehemu ya shilingi chache.

Kisha ikaja habari ya kona. Ninyi mlio na watoto nyumbani, jaribuni jambo hili. Chukueni vikombe viwili vya karatasi vyenye mdomo mpana na kitako chembamba, mvigandishe mdomo kwa mdomo. Wekeni fimbo mbili zilizonyoka sambamba, ziinamie kidogo, mvibingirishe vikombe juu yake. Vitayumba huku na huku, lakini havitaanguka. Kila vikienda upande mmoja hurudi wenyewe katikati. Sasa gandisheni vikombe kitako kwa kitako mjaribu tena. Havitafika mbali.

Hiyo ndiyo siri ya gurudumu la garimoshi. Magurudumu mawili yameshikwa na mtaimbo mmoja, hivyo huzunguka sawasawa, wala moja haliwezi kumtangulia mwenzake. Lakini katika kona reli ya nje ni ndefu kuliko ya ndani. Gurudumu la nje lapaswa kwenda mbali zaidi kwa mizunguko ile ile: litawezaje? Jibu ni kwamba uso wa gurudumu si bapa. Umechongwa kama kikombe, mpana upande wa ndani na mwembamba kidogo upande wa nje. Garimoshi likiingia katika kona magurudumu husogea kuelekea nje. Gurudumu la nje likakanyaga kwa sehemu yake pana, la ndani likakanyaga kwa sehemu yake nyembamba. La pana huenda mbali, jembamba huenda karibu, na kona ikapatikana pasipo usukani. Ule ukingo unaoning'inia ndani ya reli, ambao wengi hudhani ndio unaoongoza, kazi yake kubwa ni kuzuia hatari. Kizibo cha soda kilikuwa na ukingo, lakini uso hakikuwa nao. Ndiyo maana tuliangushwa miaka miwili, tukamlaumu mtoto wa jirani ambaye hakuwa na kosa.

Fundi wa mtaani alituchongea magurudumu mapya, yenye uso wa kikombe na ukingo wake. Vizibo vya zamani hatukuvitupa. Vimo ndani ya behewa la mizigo, vikiongeza uzito.

Kuhusu nguvu ya kuliendesha, tulikosea, na kosa lenyewe lafaa kusimuliwa. Zamani tulisukuma kwa mkono. Sasa tulikuwa na mota iliyotoka katika redio ya kaseti iliyokufa, na betri nne za volti 1.5, yaani volti 6 kwa jumla. Tulisoma kwamba watu wa Ulaya hupitisha umeme katika reli mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, na mota huunyonya kupitia magurudumu. Tukafanya hivyo. Tulipounga waya, mota haikulia. Bali waya ukapata moto mkononi, na betri mpya zikafa kabla ya chakula cha mchana. Tulitafuta sababu saa mbili nzima. Ilikuwa chini ya macho yetu: mataruma ya bati! Umeme haukuwa na haja ya kupanda mpaka kwenye mota, kwa kuwa kila taruma lilikuwa daraja fupi kati ya reli na reli, nao hupenda njia nyepesi. Katika Ulaya hao tuliowasoma huweka mataruma ya mbao au ya plastiki. Mataruma yetu ya miti, tuliyoyang'ang'ania tukiwa watoto, yangalitufaa. Baba mdogo angalicheka sana. (Na wanafunzi mnaosikiliza mtuelewe: mchezo huu ni wa betri ndogo. Umeme wa ukutani huua, usiguswe hata kwa mzaha.)

Hatukuwa tayari kung'oa mataruma mara ya pili. Tukaweka betri ndani ya behewa la kwanza, nyuma ya kichwa, na waya mfupi kwenda kwenye mota. Mwanachuo mmoja alisikitika, akaona tumeshindwa. Tukamwambia kwamba hivyo ndivyo lilivyo garimoshi la dizeli la Reli ya Kati: injini yake huzalisha umeme humo humo, na mota za umeme ndizo zizungushazo magurudumu. Garimoshi jipya la Dodoma ndilo linalopokea umeme kutoka waya ulio juu yake. Basi letu lilikuwa mfano wa haki. Mota ilikuwa na mbio mno, tukaipunguza kwa kapi dogo kuzungusha kapi kubwa kwa ukanda wa mpira, mpaka likaenda mwendo wa kweli. Mwendo huo tuliuhesabu: kilomita 50 kwa saa, zikigawanywa kwa 25, ni kilomita 2 kwa saa, ambayo ni mwendo wa mzee atembeaye akifikiri. Kutoka Tabora hata Mwanza zapita sekunde 5 au 6.

Limebaki neno la meli. Wanachuo waliikuta katika kanga yake wakauliza kama tuitengeneze. Mmoja alisema ni lazima, maana pasipo meli reli za Kemondo hazina kazi. Mwingine, ambaye jamaa za babu yake walikuwa ndani ya MV Bukoba, alisema yeye hataigusa. Sisi ndio tuliokata shauri, nasi tulikata upande wa woga. Tukasema mama ni mtu mzima, asitiwe majonzi ndani ya nyumba yake. Meli ikae sandukuni. Ziwa tulilipaka rangi mpya, likawa zuri na tupu.

Siku ya kulijaribu garimoshi majirani walikuja, na baadhi yao walikuwa wale wale waliokuwa watoto pamoja nasi, sasa wana watoto wao. Mama aliwekewa kiti mbele. Tukaunga waya. Garimoshi likatoka Tabora likitikisika, likafika kwenye kona iliyotuangusha miaka thelathini iliyopita, likainama kidogo upande wa nje, likapita. Watu wakapiga kelele. Likasimama Mwanza, ukingoni mwa maji.

Mama alitazama garimoshi, kisha akatazama ng'ambo ya pili, ambapo behewa lenye punje za kahawa lilikuwa limesimama peke yake juu ya reli zake za shubiri mbili. Alikaa hivyo muda. Kisha akasema, "Mwanangu, na meli iko wapi? Lile la Kemondo litavukaje?"

Hatukuwa na jibu la kumpa. Tulikwenda ghalani tukaileta, bado imo katika kanga, naye mwenyewe akaifungua magotini pake. Daraja lake tulilifunga upesi kwa kipande cha waya. Yule mwanachuo aliyesema hataigusa ndiye aliyelisukuma behewa. Likaingia nusu, likakwama. Reli za daraja zilikuwa juu kuliko reli za meli kwa nusu sentimita, kwa sababu mataruma mapya ya bati yalikuwa manene kuliko yale ya miti. Mama akasema, "Msilisukume kwa nguvu." Tukaomba tupa, tukapiga magoti, tukaanza kulichonga daraja.